Gari la Dizeli Linapopungukiwa na Nguvu: Ni Njaa au ni Kukosa Pumzi?

Gari la petroli likipatwa na hitilafu, mara nyingi husimama. Cheche ikikosekana hakuna mwako, na abiria hushuka kulisukuma. Gari la dizeli lina tabia nyingine. Laweza kuendelea kutembea kwa miezi kadhaa huku likidhoofika kidogo kidogo, hata siku moja mwenyewe atambue kwamba mlima aliozoea kuupanda kwa gia ya tatu sasa wamlazimu kuingiza gia ya pili, na malori yenye shehena yampigia honi ayapishe. Asubuhi gari huwaka vizuri. Halitoi mlio wa ajabu, wala hakuna taa ya hatari inayowaka mbele ya dereva. Limepungukiwa na nguvu, basi.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mwenye gari huambiwa kwamba pampu ya dizeli imechoka. Pampu hufunguliwa, hupelekwa mjini, hutengenezwa kwa gharama kubwa na kurudishwa. Na gari hubaki vile vile, kwa kuwa chanzo kilikuwa chujio lililoziba au mpira wa mafuta wenye ufa mwembamba kama unywele. Pampu na nozeli ni vifaa vya ghali kuliko vyote katika njia ya mafuta ya injini hiyo, lakini aghalabu si vya kwanza kuharibika. Kabla ya kuvigusa, uchunguzi mwingi waweza kufanyika nyumbani kwa spana chache, tochi, saa yenye mshale wa sekunde na daftari. Kwa mwalimu wa fizikia kazi hiyo ina faida ya ziada, maana karibu kila hatua yake imo katika masomo anayoyafundisha.

Mfano utakaotumika hapa ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980 yenye injini ya aina ya 2L: silinda 4, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,446, isiyo na tabo. Piki-apu za namna hii zimetumika sana Afrika Mashariki, na injini yake ni rahisi kuielewa kwa kuwa haina kompyuta. Yatakayosemwa juu yake yanahusu pia, kwa tofauti ndogo, magari mengine ya dizeli ya rika hilo.

Joto lisilohitaji cheche

Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipewa hataza ya wazo lake mwaka 1893. Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipimwa ikaonekana kwamba inageuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiasi kilichozipita mbali injini za mvuke zilizokuwa za kawaida wakati ule. Wazo lenyewe halikuwa la kutatanisha. Hewa peke yake huvutwa ndani ya silinda, kisha pistoni huigandamiza mpaka ikapata joto kali. Mafuta yanapopulizwa ndani ya hewa hiyo hujiwasha yenyewe. Kila aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli ameuhisi ukweli huo kwa kiganja chake, kwani pampu hupata joto mahali hewa inapobanwa. Katika injini ya 2L hewa hubanwa mpaka ujazo wake unakuwa kiasi cha sehemu moja ya 22 ya ujazo wa awali. Katika injini iliyokwisha kupata moto, joto la hewa hiyo hupita nyuzi 500 za Sentigredi, ilhali dizeli hujiwasha chini ya nyuzi 300.

Kutokana na hayo injini ya dizeli hudai mambo matatu: hewa ya kutosha, mafuta ya kutosha yanayofika kwa wakati wake, na mgandamizo wa kutosha kuleta joto. Kikosekana kimoja, nguvu hupungua.

Lakini madai hayo hayalingani kwa wingi. Ili kilo moja ya dizeli iungue yote, zahitajika kilo 14 na nusu hivi za hewa. Lita moja ya dizeli ina kilo 0.84 tu, na hata hivyo hewa inayoitosha, pale pwani, ni kama lita 10,000, yaani ujazo wa mapipa 50 ya lita 200. Kwa upande wa pili, mafuta yanayopulizwa ndani ya silinda kwa mara moja, hata dereva anapokanyaga mpaka mwisho, hayafikii tone moja la maji lidondokalo bombani. Injini hiyo, kwa hiyo, ni mashine inayokula kwa matone na kuvuta pumzi kwa mapipa.

Jambo la pili linalofaa kukumbukwa ni kwamba dereva wa gari la petroli anapokanyaga ekseleta hufungulia hewa, na petroli huifuata. Katika injini nyingi za dizeli ekseleta haina habari na hewa. Huongeza mafuta tu. Hewa huingia kadiri njia yake inavyoruhusu. Njia hiyo ikiziba, mafuta huendelea kuja kama kawaida, na yanayokosa hewa ya kuungulia hugeuka masizi. Tofauti hii ndiyo ufunguo wa uchunguzi wote.

Kupima kabla ya kufungua

Dereva husema gari lake "limekuwa zito". Neno hilo ni malalamiko, halijawa kipimo. Nguvu ni kazi inayofanyika katika kila sekunde, na kazi ya kupandisha kitu hupatikana kwa kuzidisha tungamo lake, mvutano wa dunia na kimo. Chukua gari ambalo pamoja na watu wake lina kilo 1,600, na kilima kinachoinuka mita 40 kutoka mti fulani hadi jiwe fulani. Kazi ya kulipandisha ni 1,600 × 9.8 × 40, yaani jouli 627,200. Gari likimaliza kilima hicho kwa sekunde 25, nguvu iliyotumika kulipandisha ni kilowati 25. Likitumia sekunde 34, ni kilowati 18.4. Zaidi ya robo imepotea, na sasa inajulikana ni kiasi gani.

Kimo cha kilima husomwa katika ramani ya mizani ya 1:50,000, ile ile ya somo la jiografia. Hesabu hii haikuhesabu msuguano wa matairi wala upinzani wa hewa, lakini hilo si neno, maadamu kinachotafutwa ni tofauti kati ya jaribio moja na jingine. Lililo muhimu ni kwamba kila kitu kingine kibaki vile vile: injini iwe imepata moto, watu wawe wale wale, gia iwe moja, na mwendo wa kuanzia uwe mmoja. Barabara iwe tulivu, na saa ishikwe na abiria, si dereva. Matokeo huandikwa pamoja na tarehe. Baada ya kila kitu kinachobadilishwa, gari hurudishwa kilimani. Mwenye gari anayebadilisha chujio, nozeli na mpira wa mafuta kwa siku moja hatajua kamwe ni kipi kilichomponya, na siku ugonjwa utakaporudi atalazimika kununua vyote vitatu tena.

Pengine kipimo kitaonyesha kwamba injini haina kosa. Breki inayoshika gurudumu moja humeza nguvu kimya kimya. Baada ya safari ya kilometa chache bila kufunga breki sana, kiganja kikisogezwa karibu na kila rimu, pasipo kuigusa, gurudumu linaloshikwa hujulikana kwa joto lake. Klachi inayoteleza nayo hudanganya: injini hupandisha mlio lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua hufuata. Matairi yasiyo na upepo wa kutosha yasisahauliwe. Liko na jambo dogo ambalo limewahi kufedhehesha watu wazima. Mtu mmoja akanyage ekseleta mpaka mwisho, injini ikiwa imezimwa, na mwingine aangalie kwenye pampu kama mkono unaovutwa na waya umefika kwenye kikomo chake. Waya uliolegea, au zulia la plastiki lililojikunja chini ya ekseleta, laweza kuinyima injini sehemu kubwa ya mafuta bila chombo chochote kuwa kibovu.

Tena, yafaa kutofautisha ugonjwa na jiografia. Gari linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya huanzia usawa wa bahari na kuishia kwenye kimo cha mita 1,700 hivi. Huko kila lita ya hewa ina hewa pungufu kwa kiasi cha asilimia 15. Injini isiyo na tabo hupungukiwa na nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, na pampu isipojirekebisha, moshi huwa mweusi zaidi. Dereva wa pwani anayepanda Kitonga kwa mara ya kwanza na kuona gari lake linahema asikimbilie kununua pampu. Akiteremka tena, nguvu zitarudi. Ni kwa ajili ya upungufu wa namna hii kwamba injini nyingi za leo zimefungwa tabo, kifaa ambacho Mswisi Alfred Büchi alikipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka huzungusha panka, nalo huisukuma hewa ndani ya silinda kwa nguvu.

Kusoma moshi

Mtu wa pili asimame kando ya kilima, au afuate kwa gari jingine, na atazame ekzosi wakati injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Wingu dogo jeusi linalotoka dereva anapokanyaga kwa ghafula, kisha likatoweka, ni kawaida ya injini za zamani. Yanayotafutwa ni yale yanayodumu.

Moshi mweusi unaoendelea ni mafuta yaliyokosa hewa. Gari hilo limekosa pumzi. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua. Moshi mweupe unaowasha macho, hasa ukidumu injini ikiwa imekwisha kupata moto, ni dizeli iliyopita bila kuungua, kwa sababu joto la mgandamizo halikutosha au mafuta yalichelewa. Mweupe usiowasha macho, pamoja na maji ya rejeta yanayopungua kila siku, huashiria gasketi ya hedi, na hapo safari za majaribio zikome kabisa.

Halafu liko jibu ambalo wengi hawalihesabu kuwa jibu: gari halina nguvu na ekzosi ni safi. Wengi husema "moshi ni mzuri" na kuendelea kutafuta kwingine. Kumbe ekzosi safi juu ya mlima, kwa injini ya zamani iliyokanyagwa mpaka mwisho, yaeleza habari kubwa. Hewa ipo tele, mgandamizo upo, kila tone linalofika linaungua barabara, ila matone ni machache. Gari hilo lina njaa, na njaa hiyo yaweza kuanzia popote kati ya tangi na pampu.

Wenye kukosa pumzi

Moshi ukiwa mweusi, pa kuanzia ni chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eakilina. Katika barabara za vumbi chujio la karatasi huweza kuziba mapema sana kuliko kilometa zilizoandikwa katika kitabu cha gari, maana kitabu hicho hutaja hali ya kawaida, na vumbi jekundu la kiangazi limepita kawaida. Chujio litolewe na tochi iwashwe ndani yake gizani. Mwanga usipopenya, hewa nayo hupenya kwa shida. Mazoea ya kulipiga chujio kwenye tairi ili vumbi litoke yaachwe, kwa sababu karatasi hupasuka mahali pasipoonekana, na vumbi linalopita hapo husaga silinda kama msasa. Kwa sababu hiyo hiyo gari lisiendeshwe bila chujio "kwa kujaribu tu". Jaribio la haki ni kufunga chujio jipya na kurudi kilimani.

Bomba linaloingiza hewa nalo litazamwe kwa tochi mpaka mwisho. Gari lililolala muda mrefu huweza kuwa na kiota cha panya au tambara lililosahauliwa. Katika magari yenye tabo, mipira mikubwa inayopeleka hewa injini huchanika chini kwenye mikunjo. Dalili zake ni mlio wa kupuliza gari linapovuta, na alama ya oili kuzunguka ufa. Mwisho ni ekzosi yenyewe. Bomba lililopondwa na jiwe huzuia hewa chafu kutoka, na silinda isiyotoa ya zamani haina nafasi ya kuingiza mpya.

Wenye njaa

Hapa pahitaji subira zaidi, kwa kuwa njia ya mafuta ni ndefu na ugonjwa wake mkubwa hauonekani kwa macho. Katika Hilux ya mfano huu, pampu ndiyo inayovuta mafuta kutoka tangini kupitia kwenye chujio. Bomba lote la nyuma ya pampu, kwa hiyo, lina kanieneo iliyo chini ya ile ya hewa ya nje. Tundu likitokea, mafuta hayavuji nje. Hewa ndiyo inayoingia ndani. Mwenye gari hutafuta tone chini ya gari asilione, akaapa kwamba bomba ni zima.

Kwa nini kiputo kidogo cha hewa kiwe na madhara makubwa hivyo? Jibu lapatikana darasani kwa bomba mbili za sindano zisizo na sindano. Moja ijazwe maji, nyingine hewa, na mdomo wa kila moja uzibwe kwa kidole. Bomba la maji halisukumiki. Bomba la hewa husukumika mpaka zaidi ya nusu. Nozeli ya injini hii hufunguka tu pale mafuta yanapokuwa na kanieneo ipatayo mara 100 ya ile ya hewa ya nje na zaidi. Kwa dizeli tupu pampu huifikia mara moja. Kiputo kikiwamo, sehemu ya msukumo huishia kukibana, na tone ambalo tangu awali lilikuwa dogo hupungua, huchelewa au hukosekana. Mafundi husema gari "limeingiza upepo", na usemi huo ni sahihi kifizikia.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote. Gari linapodhoofika njiani, dereva asimame mahali salama na kufungua kifuniko cha tangi. Ukisikika mlio wa hewa inayokimbilia ndani, kisha gari likavuta vizuri kwa muda, tundu la kupumulia la tangi limeziba: pampu ilikuwa ikivuta mafuta katika chombo kisichoingiza hewa.

Hatua ya pili ni maji. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, na maji hutuama chini ya tangi na chini ya chujio. Mafuta yaliyohifadhiwa katika mapipa huyapata kwa urahisi, kwa mvua na kwa umande unaojitengeneza ndani ya pipa usiku. Skrubu iliyo chini ya chujio ifunguliwe, na mafuta ya mwanzo yakingwe katika chupa ya kioo na kuachwa yatulie hadi asubuhi. Maji yatajitenga chini. Ute mweusi ukionekana kwenye mpaka wa maji na dizeli, hao ni viumbe hai: bakteria na kuvu wanaoishi ndani ya maji na kujilisha dizeli iliyo juu yao. Ute wao huziba chujio jipya kwa siku chache, na mwenye gari hushangaa kwamba amelibadilisha mara tatu. Dawa ni kuosha tangi, si kununua chujio la nne.

Hatua ya tatu ni chujio la mafuta. Likiwa limepita muda wake libadilishwe bila mjadala, kisha upepo utolewe. Skrubu ya kutolea upepo hulegezwa, pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya chujio hubonyezwa mara nyingi mpaka povu liishe na dizeli safi itoke, ndipo skrubu ikazwe. Ni vema kukazia macho kibonyezo chenyewe, maana mpira wake ukichoka huingiza hewa mahali ambapo hakuna anayepashuku.

Ikiwa njaa ingalipo, kipande cha bomba angavu la plastiki hufungwa kwa muda kati ya chujio na pampu, injini huwashwa, na mtu hutazama. Viputo vinavyopita mfululizo vyamaanisha kwamba hewa inaingia kabla ya pale. Jaribio la mwisho ndilo linalotoa hukumu. Gari likiwa limesimama, mpira unaoingia kwenye pampu hutolewa na kutiwa ndani ya dumu dogo la dizeli safi lililowekwa juu kuliko pampu, mbali na ekzosi, na upepo hutolewa. Mpira wa mafuta yanayorudi usisahauliwe. Nao uelekezwe dumuni. Injini iliyokuwa ikisitasita inapokanyagwa, kisha ikapanda bila kusita ikilishwa na dumu, imeonyesha kwamba pampu haina hatia: kosa liko kwenye chujio, bomba au tangi. Gari lisiendeshwe barabarani likiwa na dumu hilo. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikimwagika juu ya ekzosi yenye moto mkali, huwaka.

Skrubu ya pampu

Iko njia ya mkato inayopendwa mno, nayo ni kukata lakiri ya pampu na kuzungusha skrubu inayoongeza kiasi cha mafuta. Gari huvuta kidogo zaidi siku hiyo hiyo, na mwenyewe hufurahi. Lakini ikiwa kilichopungua kilikuwa hewa, mafuta hayo ya ziada hayana cha kuungulia. Moshi huwa mweusi kama wa tanuri, joto la ekzosi hupanda, na katika kupanda mlima mrefu vichwa vya pistoni, ambavyo ni vya aloi ya alumini, huweza kuanza kuyeyuka. Na ikiwa kilichopungua kilikuwa mafuta yenyewe kwa sababu ya chujio, skrubu haiwezi kuvuta kisichofika. Siku chujio litakapobadilishwa, injini itashiba kupita kiasi. Skrubu hiyo ni ya fundi mwenye mashine ya kupimia pampu. Yeye huifunga pampu mezani, huizungusha kwa mwendo maalumu, na kulinganisha mafuta yatokayo katika kila tundu na takwimu za mtengenezaji.

Gari hufika kwa fundi huyo baada ya hewa na njia ya mafuta kuthibitishwa kuwa ni nzima. Hapo ndipo yanapobaki mambo ya ndani. Katika injini ya 2L pampu huzungushwa na ukanda wa meno, na ukanda ukiruka jino moja mafuta huchelewa, moshi huwa mweupe na nguvu hupungua kwa ghafula, si kidogo kidogo. Nozeli iliyochakaa hudondosha mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu, na mlio wa kugonga husikika. Mgandamizo uliopungua huonekana kwa gari kuwaka kwa taabu asubuhi ya baridi, na kwa moshi unaopuliza kwa nguvu kutoka kwenye mdomo wa kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Kabla ya kukata tamaa, nafasi za valvu zipimwe, kwani valvu isiyofunga barabara huvujisha mgandamizo sawasawa na ringi zilizokwisha, na kurekebisha nafasi hizo ni kazi ndogo ikilinganishwa na kufungua injini nzima.

Magari ya siku hizi

Tangu mwaka 1997 magari madogo ya dizeli yalianza kuuzwa yakiwa na bomba moja la pamoja linalohifadhi mafuta yenye kanieneo kubwa kwa nozeli zote, huku kompyuta ikiamuru kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mafuta ndani ya bomba hilo hufikia kanieneo ya mara 2,000 ya hewa ya nje na zaidi. Maswali ya njaa na pumzi ni yale yale, ingawa kompyuta inapogundua kasoro huweza yenyewe kupunguza nguvu ili kuilinda injini, na sababu yake husomwa kwa chombo maalumu. Ekzosi za mengi kati ya magari hayo zina chujio la masizi, kwa hiyo moshi hauwezi kusomwa kama zamani. Chujio hilo lenyewe likiziba huwa chanzo cha kukosa pumzi, hasa kwa gari linalofanya safari fupi fupi za mjini na kutopata joto la kutosha kuyaunguza masizi yake.

Nyumbani, mwenye gari la namna hii aishie kwenye chujio la hewa, mipira ya tabo, chujio la mafuta na maji yaliyotuama. Mafundi wa injini za zamani wana desturi ya kulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, injini ikiunguruma, ili kujua silinda isiyofanya kazi: nati ikilegezwa na mlio usibadilike, silinda hiyo ndiyo mgonjwa. Desturi hiyo isitumike kamwe kwenye bomba la pamoja. Hata katika injini ya zamani kiganja kisitumike kutafuta mahali mafuta yanapovuja. Kipande cha kadibodi ndicho kitumike. Mchirizi mwembamba wa dizeli hupenya ngozi na kuingia ndani ya nyama, na jeraha lake huonekana dogo kama alama ya sindano, pengine bila maumivu makubwa kwa saa za mwanzo. Aliyepatwa nalo apelekwe hospitali wakati ule ule, hata kama anasema hajambo, na daktari aelezwe waziwazi kwamba ni mafuta yaliyoingia kwa kanieneo kubwa, maana jeraha hilo huhitaji kupasuliwa na kusafishwa mapema, na kuchelewa kumewagharimu watu vidole na mikono.